Tumbawe Lenye Jina la Zanzibar

Mlima Meru una mmea wake mkubwa wa nyanda za juu, Dendrosenecio meruensis, na jina lenyewe linatosha kumwambia mtu wa Arusha kwao ni wapi. Neno la kwanza ni jenasi, yaani ukoo. La pili linataja spishi, na hapo ndipo Meru ilipopewa kiti. Zanzibar imekaa mbele zaidi. Imekuwa jina la ukoo mzima wa matumbawe laini: Sansibia.

Aliyezoea mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe hawezi kuamini kwamba hawa ni ndugu. Sansibia haijengi mwamba. Ni utando mwembamba uliotambaa juu ya jiwe, na kila polipu huchomoza peke yake humo, bila shina la pamoja. Kileleni pana minyiri minane, na kila mmoja una vijinyiri pande zote mbili, mithili ya ukuti wa mnazi. Hiyo nane ndiyo alama ya kabila lao. Matumbawe magumu huhesabu kwa sita.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Walther May alilipa tumbawe la Zanzibar jina Clavularia flava. Flava ni Kilatini, “njano”. Lakini polipu za Clavularia hurudi ndani ya vikombe vyao. Polipu za tumbawe hili hazina pa kujificha. Baadaye likahesabiwa katika jenasi nyingine, Anthelia.

Jibu la ukoo wake halisi lilikuwa ndani ya nyama, kwenye chembe za chokaa. Mtaalamu hukata kipande kidogo, hukitia katika dawa ya kung'arisha nguo, hungoja nyama iyeyuke, kisha husuuza taratibu unga uliobaki chini na kuutazama kwa hadubini. Chembe za Anthelia ni vijiti. Za tumbawe hili ni visahani vidogo mno. Mwaka 2000 Philip Alderslade wa Australia akaliundia jenasi yake.

Leo huandikwa Sansibia flava (May). Mabano hayo yana kazi: May ndiye aliyeita spishi, ila ukoo aliouchagua umebadilishwa.

Na msomaji asiisahihishe herufi s iwe z. Jina limefuata tahajia ya Kijerumani, Sansibar, na kwa kanuni za majina ya wanyama litabaki hivyo.