Jino halihami peke yake

Katika soko la mifugo la Garissa, mnunuzi makini haridhiki na manyoya ya mbuzi. Humfunua mdomo ahesabu meno makubwa ya mbele. Akiona jozi moja, anajua mbuzi ameshapita mwaka. Meno ya utotoni yaliyokuwa hapo hayakung'oka hivi hivi: seli za ndani ya taya ziliila mizizi yake hadi ikaisha. Ndugu za seli hizo ndizo zinazofanya kazi mdomoni mwa kijana aliyefungwa nyaya za meno.

Wengi hudhani waya huliburura jino ndani ya mfupa, kama kigingi mchangani. Sivyo. Jino zima haligusani na mfupa. Limetundikwa kwa nyuzi fupi katika mwanya wa kama robo milimita, uliojaa mishipa ya damu na ya fahamu. Waya ikilisukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa. Siku chache baadaye hufika osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi, zikauyeyusha mfupa kwa asidi. Upande wa pili nyuzi hukazwa, na osteoblasti hujenga mfupa mpya nyuma ya jino. Nikiwaza hilo hukumbuka aqal, nyumba ya wafugaji, inayofumuliwa, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa kwingine. Tofauti ni kwamba humu kubomoa na kujenga huenda sambamba, na mwenye nyumba hatoki ndani.

Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukiongeza nguvu, unajichelewesha. Mtafiti wa Uswidi, Carl Sandstedt, aliligundua hilo kwa mbwa mwanzoni mwa karne ya 20: nguvu ikizidi, damu hukatika, tishu iliyobanwa hufa, na osteoklasti hulazimika kuuchimba mfupa kwa nyuma. Jino husimama wiki kadhaa. (Na ufizi ukiwa umevimba kwa uchafu, mfupa unaweza kuliwa bila kurudishwa, kwa hiyo caday, mswaki wa mti, usiwekwe kando.)

Nyaya zikitolewa, nyuzi za ufizi huendelea kulivuta jino lilikotoka hata kwa mwaka mzima, ndiyo maana kijana hupewa kishikizi cha kuyazuia meno yasirudi.

Lakini jino lililoumia likagandana na mfupa, bila zile nyuzi, halisogei hata chembe. Ukilifunga waya, meno ya jirani ndiyo yatakayolifuata.