Mashine ya kutoboa matundu ya poketi: fundi aangalie nini kabla hajalipa

Fremu ya mbele ya kabati la jikoni inaweza kuungwa kwa dakika chache tu, bila patasi na bila kusubiri gundi ikauke usiku kucha. Seremala anatoboa tundu la mshazari upande wa nyuma wa ubao, anapaka gundi, anabana vipande viwili, anapiga skrubu. Basi. Skrubu ndiyo inayoshika wakati gundi inakauka.

Tundu hilo linaitwa la poketi kwa sababu kichwa cha skrubu kinazama ndani yake kama kitu kilichotiwa mfukoni. Kulitoboa kwa mkono bila kifaa ni kubahatisha, ndiyo maana vifaa vyake vipo vya kila bei. Kosa la kuchagua linauma: karakana ndogo inaweza kufunga mtaji wote kwenye mashine inayofanya kazi siku mbili kwa mwezi.

Jigi au mashine?

Kifaa cha bei ya chini ni jigi, kipande chenye mirija ya chuma inayoongoza biti ya drili ya kawaida. Kilichovuma zaidi ni cha Kreg ya Marekani, kilichoanzia kwa Craig Sommerfeld wa Iowa katika miaka ya 1980. Biti yake ina ngazi: sehemu nene ya milimita 9.5 inachimba poketi, na ncha nyembamba inafungua njia ya skrubu.

Juu yake kuna mashine ya mezani yenye mpini, mfano Kreg Foreman. Mpini ukivutwa, ubao unabanwa na biti inapanda kutoka chini, vyote kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna mashine za viwandani kama za Castle, nazo ni habari nyingine. Ruta inachonga poketi upande mmoja, na biti nyembamba inatoboa njia ya skrubu kutoka upande wa pili. Baadhi zinabana ubao kwa upepo, kwa hiyo zinadai kompresa.

Sasa hesabu. Tuseme oda ya jikoni ina kabati 10, kila fremu ina viungo 10, na kila kiungo kina skrubu mbili. Hayo ni matundu 200. Kwa jigi, tukikadiria nusu dakika kwa kila tundu, ni saa moja na dakika 40. Kwa mashine ya mpini, tukikadiria sekunde 5, ni kama dakika 17. Tofauti ni kubwa, lakini kama oda ya namna hiyo inakuja mara moja kwa mwezi, jigi na klampu mbili nzuri zinatosha kabisa. Mashine inaanza kujilipa pale kazi inaporudi kila wiki.

Mshazari wa tundu

Jigi nyingi zinatoboa kwa nyuzi 15 hivi. Kwa pembe hiyo, skrubu inapokaza inasukuma kipande kimoja kipande juu kidogo, na fundi anakuta ukingo ambao mkono unausikia. Dawa yake ni kubana sana, uso kwa uso, kabla ya kukaza. Mashine za Castle zinatumia nyuzi 6, hivyo skrubu inakwenda karibu sawa na ubao na kipande hakihami sana. Kwa anayeuza fremu za kupakwa vanishi, ambako kila kasoro inaonekana, hilo lina thamani kuliko kasi.

Umeme: hapa ndipo watu wanaungua

Mashine nyingi za aina hii zinatengenezwa kwa soko la Marekani, umeme wa volti 120 na hezi 60. Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote hezi 50. Mashine ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja ukutani hapa, mota inaweza kuungua papo hapo.

Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, mradi uwezo wake wa wati uzidi ule wa mashine. Ila transfoma haibadilishi hezi. Mota zenye brashi, kama za drili nyingi za mkono, hazijali sana. Mota za induksheni zitazunguka polepole zaidi, kwa kasi ya tano ya sita, na zinaweza kupata joto. Kibao kidogo kilichobandikwa kwenye mota kisomwe kabla ya bei kutajwa, hasa kwa mashine ya mtumba.

Mbao na skrubu

Biti ndiyo inayokwisha kwanza. Mninga na mkongo zinaila, na MDF pia inaitafuna kwa sababu ya gundi iliyomo. Kama muuzaji hana biti ya akiba, au ya mashine ina shina la kipekee lisilopatikana mjini, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuondoka dukani.

Skrubu nazo si za kuokoteza. Ubao wa milimita 19 unahitaji skrubu ya milimita 32, na wa milimita 38 unahitaji ya 64. Kichwa kiwe bapa chini. Cha umbo la koni, kama cha skrubu za jipsamu, kinaingia kama kabari na kupasua ubao. Nyuzi nene ni za paini, plaiwudi na MDF. Nyembamba ni za mbao ngumu.

Karatasi za milimita 18 ndizo zimejaa madukani, nazo hazilingani kikamilifu na alama ya 19, kwa hiyo ncha ya skrubu inaweza kutokeza upande wa pili. Mashine ambayo kina chake kinarekebishwa kidogo kidogo, si kwa kuruka alama hadi alama, inaondoa usumbufu huo.

Mnunuzi aende na vipande vya mbao zake mwenyewe. Muuzaji atoboe, afunge skrubu mbili, kisha kiungo kipitishwe kidole na kugeuzwa nyuma. Poketi iliyochanika kingo inaonyesha biti butu au kasi ndogo. Na kama mbao zenyewe bado mbichi, mashine yoyote ile haitazuia kiungo kulegea zikishakauka.