Umbo na Jina: Nakshi za Kanga katika Uchoraji wa Lubaina Himid

Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani ilipitia Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare na Kasongo, mji uliokuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Pamoja na Kiswahili, misafara hiyo ilipeleka Maniema merikani, kaniki na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Nguo, basi, ilikuwa fedha, na mara nyingine ilikuwa bei ya mtu. Uhusiano huo wa nguo, bei na mtu unajitokeza upya katika kazi za mchoraji aliyezaliwa kwenye mwanzo wa njia hiyo, Lubaina Himid.

Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, akapelekwa Uingereza na mama yake, aliyekuwa msanifu wa vitambaa. Alisomea usanifu wa jukwaa la tamthilia, kisha akapata shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka 1984. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner.

Ili kuielewa sanaa yake, yafaa kuanza na kanga. Kanga ina pindo, mji na maneno ambayo watumiaji huyaita jina. Nakshi za pindo na mji hurudiwa kwa mpangilio, lakini jina ndilo linaloigeuza nguo kuwa kauli: doti mbili zenye nakshi moja na majina tofauti hazimfikii jirani kwa maana moja.

Katika mfululizo wake wa Zanzibar (1999), Himid alichora picha za sehemu mbili mbili, zinazokaribia kuwa maumbo matupu. Humo nakshi hubeba kumbukumbu na huzuni. Baadaye alichora pia kazi zenye muundo wa kanga, maneno yakiwemo.

Hata hivyo, kazi inayofafanua zaidi fikra hii ni Naming the Money (2004). Ina sanamu bapa 100 za mbao zilizopakwa rangi, zinazowakilisha Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani. Kila mmoja ana jina lake la asili na jina alilopachikwa na bwana wake. Mavazi yao yanavutia jicho. Jina ndilo linalomrudishia mtu utu ambao hesabu za mfanyabiashara zilimnyang'anya.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, hapa pana funzo. Nchini Kongo nako kitenge, au kikwembe, hupewa majina na wauzaji na wavaaji. Majina hayo yastahili kukusanywa Kasongo na Kabambare kwa uangalifu uleule unaopewa methali, kwani nakshi isiyo na jina hubaki bidhaa tu.