Mnana, Fundi wa Majani Mabichi

Asafiriye kutoka Eldoret kuelekea Kitale hupita kando ya Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, nchi ya mahindi na miwa. Huko, mti uliosimama karibu na nyumba aghalabu huonekana kana kwamba umezaa mabuyu madogo ya majani. Si matunda hayo. Ni viota vya mnana, ndege wa manjano mwenye uso mweusi. Nasi watu wa pwani hatumwoni mgeni, kwani jamaa zake hutundika viota vyao kwenye makuti ya minazi yetu.

Mama zetu wasukao mikeka watamfahamu ndege huyu kutushinda sisi. Kazi yake ya kwanza ni kupata chane. Hutua juu ya jani la mhindi au la tete, hulikata ukingoni kwa mdomo, hubana pale alipokata, kisha huruka; jani nalo huchanika, akaondoka na uzi mrefu. Msukaji hukausha ukindu wake kwanza, ilhali mnana hufuma jani lingali bichi, kwa kuwa bichi hupinda na kavu huvunjika. Huukanyaga uzi kwa mguu, akaupitisha kwa mdomo huku na huku hata ukakaza fundo. Huanza na kitanzi kimoja. Hapo husimama, akafuma chumba mbele yake na mlango nyuma yake, ukitazama chini.

Mjenzi ni dume. Mkaguzi ni jike. Jike akiridhika, hutandika ndani nyasi laini na manyoya. Asiporidhika, kiota hukauka, na dume hukibomoa kwa mdomo wake mwenyewe, akajenga kipya. Dume kijana hufuma ovyo. Ustadi humjia kwa mazoezi.

Kazi yote hiyo mtoto huiangusha kwa jiwe moja, na mzazi akacheka. Wako pia wakatao tawi zima kwa sababu mnana huchana majani ya mahindi na kula nafaka. Hatukatai: mkulima ana haki ya kuamia ndege shambani mwake. Lakini makinda yaliyomo kiotani hayajala nafaka ya mtu, na wazazi wao huwalisha wadudu, wakiwamo wale waharibuo mimea.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba masahaba, wakiwa safarini, walichukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipapatika. Mtume (s.a.w.) alipoona, aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe.

Basi, wazazi wenzetu, tawi likilazimu kukatwa, tungoje makinda yaruke. Na mtoto aokotaye jiwe, tumketishe chini ya mti, atazame jinsi fundo moja linavyofungwa.