ZIARA YA MRIMA: TANGA, PANGANI NA NG'AMBO YA MPAKA

Kutembea kwingi kuona mengi, walinena wazee. Karafuu zikisha kuanuliwa na majamvi kukunjwa, wengi katika wanachama wetu hufunga safari kwenda kuwatazama jamaa zao Mrima. Safari hii nasi tulikwenda, watu sita wa chama, tukafika Tanga, Pangani, na ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Kenya. Twawaandikia khabari zake kwa faida ya kila mwenye nia ya kwenda.

Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake mahali pengine hufika mita 800. Si maji ya kufanyiwa mzaha. Basi mwanachama asipande chombo kilichojaa kupita kiasi, wala kisichokuwa na maboya ya kujiokolea, hata nauli yake ikiwa rahisi namna gani.

Wenyeji wa Tanga huusifu mji wao kwa kusema, "Waja leo waondoka leo." Hapo ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kwenda Usambara katika mwaka 1893, na hapo ndipo walipopigana na Waingereza mwezi wa Novemba 1914, Waingereza wakashindwa na kurudi merikebuni. Lakini jambo lililotushughulisha sisi wakulima ni mkonge. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mizima 62 tu, mwaka huo huo wa 1893. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya mbele ulimwenguni kwa mkonge. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Tulipita kwa gari kati ya mashamba hayo, na kila mmoja wetu alikuwa akifikiri mikarafuu yake. Zao moja likitegemewa na nchi nzima, mkulima asilale.

Na mkarafuu wenyewe haupo kwetu tu. Huko Muheza, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wakulima hupanda karafuu pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga katika shamba moja. Tuliipenda desturi hiyo ya kuchanganya, maana mwaka karafuu zisipozaa, iliki huleta chumvi nyumbani.

Njia ya kwenda Pangani hufuata pwani. Mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Tanga kuna magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi yapitayo arubaini, mengine yenye nguzo ndefu. Aliyekwisha kufika Ras Mkumbuu, kwetu Pemba, hahitaji kuelezwa, maana atayatambua mara moja. Wajenzi walikuwa watu wa ada moja, na bahari haikuwatenga. Karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote.

Upande huo huo wa Tanga alizaliwa Shaaban Robert, kijijini Vibambani, tarehe 1 Januari 1909. Alipokuwa karani wa forodha alipata kufanya kazi Pangani. Na Pangani ndipo Abushiri bin Salim alipoongoza vita vya kuwapinga Wajerumani katika mwaka 1888, na ndipo aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Mji ni mtulivu, mto wake ni mpana, na minazi imejaa kando zote mbili.

Tuliporudi Tanga tulishika njia ya kaskazini. Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kutoka mjini, ndani ya mawe ya chokaa. Mtu asiingie pasipo kiongozi na taa. Kisha ni lami mpaka Horohoro, kiasi cha kilomita 65 kutoka Tanga. Mpaka huo ulikatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga. Wadigo na Wasegeju wakajikuta wako pande mbili, na hakuna aliyewauliza.

Jamaa zetu Wapemba waliokwenda Kenya kwa uvuvi tangu zamani za wakoloni walipatwa na zaidi ya hayo. Miaka mingi walikaa bila kitambulisho cha nchi yo yote. Asiyekuwa nacho hakupata leseni ya kuvulia kwa jina lake, wala kufungua hesabu benki, na watoto wake waliisumbukia skuli. Mwezi wa Julai 2023, huko Kilifi, Rais William Ruto aliwatambua rasmi kuwa kabila miongoni mwa makabila ya Kenya.

Katika nyumba moja ya pwani ya Kwale tulipokewa na mzee, ndugu wa baba wa mwenzetu mmoja. Alipofiwa na mama yake Wete, hakuweza kuvuka kuja kuzika. Kijana wetu alimwamkia, "Shikamoo, baba mdogo," mzee akamshika mkono asiuache, akauliza majina ya ndugu mmoja mmoja, aliye hai na aliyetangulia. Wajukuu zake walikuwa wakisikiliza. Hawakujua hata jina moja. Sasa kitambulisho anacho, ila nguvu za safari hana.

Ndugu wanachama, khofu yetu ni hiyo. Wazee wakishakwenda, watoto wa huku na wa kule watakutana njiani wasijuane. Undugu ni kufaana, na hauwezi kufaana usiyemjua.

Kwa hiyo twashauri mambo haya:

1. Kila mwanachama aandike majina ya jamaa zake walio Mrima na Kenya, pamoja na vijiji vyao, alete nakala ofisini. Tutafungua daftari.

2. Anayekwenda Kenya ashike hati ya kusafiria, apite Horohoro kwa njia ya halali. Asidanganywe na njia za panya.

3. Asichukue karafuu kuwa zawadi. Zetu hununuliwa na ZSTC, na Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 haina huruma kwa magendo. Halua ya Wete yatosha, nayo hupokewa kwa furaha.

4. Achukue na mtoto wake mmoja, apate kuwaamkia wazee kwa majina yao.

Daftari liko tayari, na kalamu iko juu yake. Wassalaam.

Katibu wa Chama