Jeshi Lisiloandamana

Kiwavijeshi vamizi, ambaye jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda, ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu mwenye asili ya Amerika, aliyetambuliwa barani Afrika mwaka 2016 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2017 katika Mkoa wa Rukwa, ambao unapakana na Ziwa Tanganyika kama Kigoma. Kwa kuwa nondo huyo huweza kuruka takriban kilomita 100 kwa usiku mmoja, safari ya kutoka Rukwa hadi kwenye mahindi ya Bangwe na Ujiji, mjini Kigoma, si ndefu kwake.

Jina la jeshi limewapotosha wengi. Kiwavijeshi wa asili ya Afrika, ambaye wazee wanamfahamu vizuri, hutambaa kwa makundi makubwa, hufyeka nyasi na nafaka, kisha hutoweka. Huyu mgeni haandamani, hujificha. Jike hutaga fungu la mayai 100 hadi 200 na kulifunika kwa manyoya ya mwili wake, na viwavi wanaoanguliwa hukwangua majani yakabaki na vijidirisha, yaani mabaka yanayopitisha mwanga, kabla ya kuzama katika moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza yakiwa yamejikunja. Humo hulana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana mkulima anayeyapanua majani hayo mara nyingi hukuta kiwavi mmoja tu aliyenona, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyojipanga kwa umbo la mraba karibu na mkia, akiwa amejizibia kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao.

Kizibo hicho huzuia kiuatilifu, kwa hiyo kunyunyizia majani ya nje wakati wa jua kali, kiwavi akiwa amekwisha kukomaa, ni kumwaga fedha. Njia nyingine ni mbinu ya vuta-sukuma, ambapo mmea wa desmodi hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na nyasi za brakiaria pembezoni ili kumvuta; mbinu hiyo ilipunguza viwavi kwa takriban asilimia 80 katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018.

Baridi kali, ambayo humwua mdudu huyu kwingineko, haipo Kigoma, naye huendelea kuzaliana kiangazi katika mahindi ya kumwagilia. Mkulima na akague moyo wa mhindi mapema, tangu miche ikiwa michanga, kwa maana kiwavi akishaingia katika gunzi ni vigumu dawa kumfikia.