Mapafu bandia na mtungi unaoishia njiani

Ukiiona mashine ya ekimo (ECMO) ikifanya kazi, kinachokushika macho ni rangi. Damu hutoka kwenye mshipa wa paja ikiwa imepiga weusi, hupita katika mpira unaokaribia unene wa kidole, huingia kwenye kisanduku cha plastiki, kisha hurudi mwilini kupitia shingoni ikiwa nyekundu ya kung'aa. Ni lita nne hadi sita kila dakika, takriban damu yote ya mtu mzima. Ndani ya kisanduku mna maelfu ya mirija myembamba kama uzi. Oksijeni hupita ndani ya mirija hiyo, damu huizunguka kwa nje, na hewa ya kaboni hutolewa.

Hayo ndiyo mapafu bandia. Hutumika pale mafua makali au Korona inapoyajaza mapafu majimaji hadi mashine ya kupumulia nayo ishindwe. Wengi hudhani yanatibu. Kirusi yanakiacha kama kilivyo! Kazi yake ni kuyapumzisha mapafu, maana kusukumiwa hewa kwa nguvu siku nyingi huyaumiza zaidi, huku mwili wenyewe ukipambana. Kwa wagonjwa wa Korona, kungoja huko mara nyingi kulichukua wiki mbili au zaidi.

Je, yanaokoa? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 uliwagawa wagonjwa 180 katika makundi mawili. Kati ya waliopangiwa kituo cha ekimo cha Leicester, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi sita. Kati ya waliobaki katika hospitali nyingine, asilimia 47. Ila robo ya waliopangiwa Leicester hawakuunganishwa na mashine kabisa, na wengi wao walipata nafuu kwa matibabu ya kawaida yaliyofanywa kwa umahiri. Kwangu mimi, hiyo robo ndiyo habari yenyewe. Utafiti wa 2018 ulikuta vifo asilimia 35 kwa waliowekwa kwenye mashine na 46 kwa wenzao, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kumaliza ubishi.

Sasa tuje Uganda. Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago huendesha mashine iliyo ndugu na hii wakati wa upasuaji wa moyo, lakini kwa saa chache tu. Ekimo hukesha siku na siku, nayo hudai mengi: muuguzi asiyebanduka kitandani, dawa ya kuzuia damu isigande, damu ya kuongezewa iwe tayari, umeme usiokatika. Dawa hiyohiyo inayozuia kuganda inaweza kumfanya mgonjwa avuje damu kichwani. Uchunguzi uliochapishwa 2020 ulikuta Uganda nzima, yenye watu zaidi ya milioni 40, ina vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi. Akija mfadhili na ekimo moja, ningemuuliza kwanza kuhusu wauguzi.

Na kabla ya mashine yoyote kuna safari. Kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ni kama kilomita 60, sehemu yake ya vumbi kabla ya kuifikia lami ya Isingiro. Kambi hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo Wakongo, Warundi na Wasomali wanaishi humo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao zahanatini. Hesabu mtungi mdogo wa oksijeni, ule wa gari la wagonjwa, wenye lita 680 hivi. Mgonjwa akihitaji lita kumi kwa dakika, unakwisha baada ya saa moja na dakika nane. Pancha moja tu, na mtungi umekauka kabla ya Mbarara.

Ndiyo maana matokeo yaliyotoka 2024 yana uzito zaidi kuliko mashine yoyote ya Leicester. Katika vituo 20 vya matibabu vya Uganda ziliwekwa mashine zinazochuja oksijeni hewani kwa umeme wa jua. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano waliopungukiwa oksijeni vilishuka kwa karibu nusu. Hakuna mpira shingoni, hakuna damu ya kuongezewa.

Lakini lazima mtu ajue nani amepungukiwa. Kwa mtoto, tazama kifua: kikivutwa ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, pua zikichanua, akashindwa kunyonya, usingoje midomo iwe ya buluu. Kwa mtu mzima mwenye Korona mambo ni magumu zaidi, kwani anaweza kukaa akizungumza nawe vizuri ilhali kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 84. Chini ya 90 anahitaji oksijeni, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba yuko sawa.